Nyundo ya Bi Sikio

Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Bi Sikio atatundika aproni yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne katika kiwanda chetu cha kuyeyusha metali, ishirini na sita kati ya hiyo akiwa kwenye meza ya ukaguzi. Jina lake halisi lipo kwenye faili la ofisi. Humu ndani hakuna anayelitumia.

Jina la Sikio alilipata kwa nyundo. Kila bushi ya pampu, ile pete nene ya shaba na bati, iliyotoka kwenye kalibu ilipita kwake: aliitundika kwenye kulabu, akaigonga mara tatu, akasikiliza. Bushi nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hukohoa tu. Hata dukani hakujizuia. Binti yake anasema aliwahi kutamani ardhi ipasuke immeze, mama alipogonga sufuria kumi na moja mbele ya muuzaji kabla ya kununua moja.

Wapya wote tulipita mikononi mwake. Alitufundisha kwamba metali ni mtaa ambao watoto wake hawana mlango wa kwao: elektroni huzunguka nyumba zote, na ndizo zinazowaunganisha majirani, yaani atomi. Ndiyo maana umeme na joto hupita humo upesi. Ndiyo maana shaba ukiigonga hubonyea bila kuvunjika. Majirani wamesogea, watoto bado wapo kati yao. Ukiongeza bati (si lile la kuezekea) umeingiza wageni wenye miili mikubwa kwenye safu, safu inashindwa kuteleza, na aloi yako inakuwa ngumu.

Mimi ninayeandika haya nilisikia hilo neno "ngumu", mengine yakaingia huku yakatokea kule. Mwezi wangu wa pili kazini niliongeza bati mara mbili ya kipimo, nikitafuta sifa. Bushi zilitoka ngumu kweli, na ya kwanza kugongwa ilivunjika vipande kama sahani. Nilijua kibarua kimeota nyasi. Bi Sikio alifagia, akaniagiza nirudishe zote tanurini na kesho yake niwahi. Kipande kimoja alikiweka dirishani, na hadi leo nikijifanya mjuaji yeye hukitazama tu.

Machi mwaka huu fundi wa kufunga pampu aliangusha bushi ambayo Bi Sikio alikuwa ameipitisha. Ikapasuka, na ndani ufa ulikuwa wa tangu tanurini. Hakuna aliyemlaumu. Angeweza kunyamaza, maana alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu. Badala yake aliniomba nisimame nyuma yake nigonge bushi kumi, nzima na mbovu. Alikosea nne. Akapanda ofisini mwenyewe, akaeleza kwamba masikio yake yamechoka, akaomba lori lililokwisha kupakiwa lishushwe mzigo. Tulikagua upya bushi mia mbili na kumi na mbili. Tisa zilikuwa mbovu. Alizipanga mezani kwake, akakaa nazo mchana mzima akilia, kisha akaandika barua ya kustaafu mapema. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Nyundo alinikabidhi mimi, yule wa bati. Juzi niligonga bushi moja, nikaridhika, nikaitia kwenye sanduku la nzima. Bi Sikio alikuwa amekaa kando. Akaitoa, akaingiza kidole kwenye tundu lake, akaniashiria nigonge tena. Alifumba macho, akausikiliza mtetemo kwa kidole, kisha akatikisa kichwa. Tuliikata kwa msumeno: ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele. Alicheka mpaka akashika meza.

Bi Sikio, asante kwa miaka yote, na asante zaidi kwa lori lile ulilolishusha mzigo. Bushi ya juzi imerudi tanurini, itaanza upya. Nenda ukapumzike na mzee wako, na sufuria za dukani uzionee huruma. Tunakuombea siku njema, nyingi na tulivu. Kiti chako hatukiondoi mezani; kidole kile bado tunakihitaji.