Fundi Kidole na Maji ya Injini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi wa injini za boti, zile ndogo zinazofungwa nyuma. Watu walimwita Fundi Kidole. Hata mkewe alimwita hivyo, hasa akiwa amenuna. Fundi Kidole alifariki wiki iliyopita, baada ya kuugua kwa muda mrefu.

Jina alilipata kazini. Injini ya boti hunywa maji kwa mguu wake, ile sehemu ya chini inayozama majini. Maji hayo huzunguka ndani na kuipoza, kisha hutoka nyuma kwenye kitundu, membamba kama uzi. Wenye boti husema injini inakojoa. Mtuwie radhi, ndivyo wasemavyo. Fundi alikuwa akitia kidole kwenye maji yale. Yakiwa vuguvugu, sawa. Yakiwa moto, zima. Yasipotoka kabisa, zima upesi zaidi.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Pipa la maji katikati, sakafu nyeusi kwa oili, na kiti kimoja tu, cha kwake. "Mteja akikaa, ananiharakisha," alikuwa akisema.

Sasa, fundi alikuwa na dada mdogo, naye ni nahodha. Huvusha watu kwenda ng'ambo, sokoni na zahanati. Miaka mingi iliyopita injini yake iliacha kutoa maji, akampelekea kaka yake. Fundi akafungua mguu, akatoa pampu. Ndani ya pampu mna gurudumu la mpira lenye mabawa, ndilo linalosukuma maji. Mabawa mawili yalikuwa yamekatika. Kipande kimoja alikipata. Cha pili hakukiona. Akatia gurudumu jipya, maji yakatoka vizuri, lakini injini akakataa kuitoa.

"Maji si yanatoka?" dada akauliza.

"Yanatoka. Kile kipande kiko wapi?"

"Kaka, nina abiria wananingoja."

"Abiria wako wengi. Dada ninaye mmoja."

Dada alipandwa na hasira. Akaita wabeba mizigo wawili, injini ikabebwa hadi kwenye boti. Fundi akafunga karakana, akawafuata, akaketi nyuma ya boti, kidole kwenye maji. Walipofika katikati, maji yakapungua. Kile kipande cha mpira kilikuwa kimepanda na kuziba njia. Fundi akaizima injini mwenyewe, wakapiga makasia mpaka ng'ambo, abiria wakinung'unika njia nzima.

"Hakunilaumu," dada ametuambia. "Nilingoja aseme, 'Si nilikwambia?' Angesema, ningemjibu, tungegombana, yangeisha. Hakusema. Na mimi sikuwahi kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Nilijua, ila mdomo ulikuwa mzito."

Makaburi ya familia yako ng'ambo. Siku ya maziko, jeneza lilipakiwa kwenye boti ya dada huyo. Injini ikawaka. Maji yakatoka kidogo, kwa kukatakata. Dada akaizima. Binamu yake akaleta kipande cha waya, achokoe kitundu ili safari ianze. Dada akakikataa. Akavua viatu vyake vizuri, akaomba spana, akaanza kuufungua mguu wa injini. Waombolezaji wamesimama juani. Shangazi akamwambia marehemu hacheleweshwi.

"Shangazi," akajibu, "nikimvusha hivi hivi, nitakuwa nimemzika bila kumsikiliza hata mara moja."

Pampu ilikuwa nzima. Mabawa yote yalikuwepo. Ni tope tu lililoziba kitundu, waya ungetosha. Watu wakaguna, binamu zaidi ya wote. Dada akaketi pale kwenye boti, pampu mkononi, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Kisha akafunga boliti zote, akatia kidole kwenye maji, wakaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mjane wa Fundi Kidole, watoto wake, na dada yake nahodha. Mungu awape subira. Nasi tujiulize: ni nani aliyetukataza jambo kwa kutupenda, tukamwona msumbufu? Kama yu hai, mwambie leo kwamba alikuwa sahihi. Nahodha alimwambia kaka yake ng'ambo, watu walipokwisha kutawanyika, akiwa ameinama juu ya udongo mbichi.