Ok Chang-seop, Aliyetembea Upande wa Pili wa Uwanja

14 Februari 1951 – 18 Mei 2023

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na Nam Hye-won, mjukuu wa dada yake, kwenye makaburi ya kanisa, Daeya, Gunsan, Jumamosi tarehe 20 Mei 2023.

Mzee wetu Ok Chang-seop alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 wilayani Okgu, wakati wa vita, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Ok Byeong-tae na marehemu Gil Bun-nyeo, wakulima wa mpunga. Baba yake alifariki angali mdogo, akalelewa na mama pamoja na dada yake mkubwa, Sun-rye, ambaye tunaye hapa leo. Dada yake anamkumbuka kama mtoto asiyesubiri kuadhibiwa. Akivunja kitu, alikwenda mwenyewe nyuma ya ghala na kukaa huko mpaka aitwe. Siku moja mama hakujua kwamba kuna kilichovunjika, hivyo hakumwita. Alipatikana jioni, amekaa kimya juu ya gunia, hajala tangu asubuhi.

Alisoma shule ya msingi hapa Daeya, kisha akafanya kazi mchana na kusoma jioni hadi alipomaliza shule ya ufundi mjini Gunsan mwaka 1971. Baada ya utumishi wa jeshi aliajiriwa katika kiwanda cha karatasi mwezi Aprili 1976, akabaki hapo mpaka alipostaafu mwaka 2008. Alikuwa fundi wa mashine za kukaushia. Kelele za mashine hizo zilimpunguzia usikivu wa sikio la kushoto, na ndiyo sababu wengi wetu tulimkuta akitugeuzia upande mmoja wa uso tulipozungumza naye.

Tarehe 20 Oktoba 1979 alifunga ndoa na Gu Mi-ok, mshonaji wa Iksan. Hawakujaliwa watoto. Mwaka 2008 Mi-ok aliugua, na miezi yake ya mwisho waliimalizia katika wodi ambayo televisheni yake ilionyesha gofu tangu asubuhi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukanyaga uwanja wa gofu. Mi-ok aliupenda mchezo huo kwa sababu haukuwa na makelele. Siku moja alimuuliza mumewe:

"Huyo mtangazaji mbona ananong'ona? Anamnong'onezea nani?"

"Anaogopa mpira usije ukaamka."

Mi-ok alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Alifariki tarehe 9 Machi 2009. Marehemu alirudi nyumbani, akawasha televisheni kwenye gofu, na kwa muda mrefu hakuizima.

Mwaka 2011 mashindano ya wanawake yalifanyika karibu na Gunsan, naye akaenda kutazama. Huko alikutana na mashabiki wa mchezaji Ma Eun-byeol, waliovaa kofia za njano na kumfuata shimo kwa shimo, nje ya kamba zinazozuia watazamaji. Waliongozwa na Bi Pyo Geum-ja, mwenye mgahawa wa tambi karibu na soko la samaki. Walimpa kofia siku hiyo hiyo. Tangu hapo, kila Jumatatu jioni alikuwa mgahawani kwa Bi Pyo, wakichambua mashindano yaliyokwisha jana yake. Mwandishi wa wasifu huu, akiwa mwanafunzi wa sekondari, alipelekwa huko mara kadhaa kula, na mazungumzo yalikuwa hivi:

"Pale shimo la saba Eun-byeol angetumia fimbo ndogo," alisema Bwana Tak, mstaafu wa posta.

"Fimbo ndogo, na upepo ule wa baharini? Mpira ungepeperushwa hadi Busan," akajibu marehemu.

"Haya, profesa. Wewe umeshika fimbo ya gofu lini?"

"Sijawahi. Ndiyo maana sijawahi kukosa."

Bi Pyo alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni: "Kuleni, tambi zinavimba! Mpira umeingia shimoni tangu jana, nyie bado mnaupiga!"

Ilikuwa ndiyo meza pekee ambapo marehemu alizungumza bila kuulizwa. Dada yake anasema kwamba akimpigia simu Jumanne, alimkuta na sauti ya mtu aliyekula vizuri.

Ni wajibu wetu kueleza pia tarehe 15 Oktoba 2017, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuificha. Ilikuwa Jumapili, siku ya mwisho ya mashindano makubwa. Eun-byeol alikuwa ameshamaliza. Mpinzani wake, msichana wa miaka ishirini aitwaye Cheon Su-ji, alibakiwa na mpira mmoja tu, wa hatua moja kutoka shimoni. Ukiingia, Su-ji ni bingwa. Usipoingia, wawili hao wanarudi uwanjani kuamua mshindi. Mpira ulizunguka ukingo wa shimo ukatoka.

Wanaofuata gofu wanajua kwamba hapo hunyamazwa. Unaweza kuguna kwa huruma, lakini humpigii makofi mpinzani aliyekosa, hata kama kukosa kwake kunamwokoa umpendaye. Katika kimya hicho, marehemu alipiga makofi mawili. Kamera ziligeuka, zikaonyesha kofia ya njano. Ma Eun-byeol alikwenda kwa Su-ji, akainama kuomba radhi kwa niaba ya mashabiki wake, kisha wakarudi uwanjani na Eun-byeol akashindwa.

"Kaka Ok, vua kofia," Bi Pyo alimwambia.

"Mikono imekwenda yenyewe, Bi Pyo."

"Najua. Vua. Watu wote wanatutazama."

Aliivua. Walikuja kwa gari moja, lakini yeye alirudi peke yake kwa basi. Jumatatu iliyofuata hakwenda mgahawani, wala Jumatatu nyingine yoyote.

Alichofanya badala yake wengi wetu hatukukijua. Su-ji hakupona haraka kutokana na lile shimo. Mikono ilianza kumtetemeka kwenye mipira ya karibu, akawa anatolewa siku ya pili ya kila mashindano, na mashabiki wake wakahamia kwa wengine. Marehemu alijiambia kwamba hawezi kurudi kwenye meza ya Bi Pyo kabla hajamwomba msamaha binti huyo. Hivyo alianza kumfuata. Alipanda mabasi ya alfajiri, akatembea naye mashimo yote kumi na nane, upande wa pili wa uwanja ambako hakukuwa na mtu mwingine. Mara nyingi alikuwa mtazamaji wake wa pekee. Miaka ya korona, milango ilipofungwa, alitafuta mahali pa kusimama nje ya uzio. Kila jioni alirudi bila kusema neno, kwa sababu kila alipokaribia, alimwona binti amechoka, akaona haya kumwongezea mzigo.

Hatimaye, Ijumaa tarehe 10 Juni 2022, mvua ikinyesha, Su-ji mwenyewe alivuka uwanja akamfuata.

"Babu, samahani. Wewe unamfuata nani?"

"Wewe."

"Mimi? Nimeshika nafasi ya tisini na tano!"

"Mimi ndiye niliyepiga makofi," akasema marehemu. "Mwaka ule, ulipokosa. Nisamehe."

Su-ji alimtazama. "Makofi gani, babu?"

Hakuwa amesikia. Siku ile, alisema, masikio yake yalijaa sauti kama ya maji, hakusikia chochote mpaka alipofika kwenye gari la baba yake. Kisha akamwomba ahamie upande ambako angekingwa na miti.

"Hapana," marehemu akajibu. "Mipira yako mingi huja upande huu. Lazima awepo mtu wa kuitafuta."

Su-ji alicheka, akarudi mchezoni. Hakuuliza jina lake, naye hakulitaja.

Aliposimulia habari hiyo mbele yetu, tulifurahi. Tulimwambia kwamba sasa jambo limekwisha, arudi kwa Bi Pyo. Alitugeuzia sikio lake zima, akasikiliza, kisha akasema, "Yeye hakusikia. Lakini mimi nilipiga." Hakwenda.

Mwezi Novemba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Jeonju, kisha akarudishwa hospitali ya hapa Gunsan mwezi Aprili. Alitazama gofu kitandani sauti ikiwa imezimwa. Muuguzi alipomuuliza kama angependa wageni, alisema watu wana kazi zao.

Siku ya Jumapili tarehe 14 Mei alipoacha kuzungumza, familia ilimpigia simu Bi Pyo na kumweleza yote, hata habari za Su-ji. Alifika kesho yake, Jumatatu, akiwa bado amevaa aproni, pamoja na Bwana Tak. Ndio pekee waliobaki wa lile kundi la kofia za njano, kwa sababu Eun-byeol alistaafu mwaka 2020 na wengine wakatawanyika.

"Kaka Ok," Bi Pyo alisema akiwa amesimama mlangoni. "Mimi nilikwambia uvue kofia. Nilikwambia usije kula?"

Marehemu alikuwa amefumba macho.

"Tulidhani umetukasirikia," akasema Bwana Tak. "Wewe mtu mzima, mgahawa uko palepale, tungekuita vipi?"

Walikaa. Kwa kuwa hawakujua la kusema zaidi, na kwa kuwa ilikuwa Jumatatu, wakaanza kuzungumzia mashindano ya jana. Su-ji alikuwa amecheza mpaka siku ya mwisho, akashika nafasi ya ishirini na tisa.

"Shimo la kumi na sita alipiga kwa nguvu mno," alisema Bwana Tak.

"Wewe ulikuwa umesinzia. Nilikuona mdomo wazi."

"Nilisinzia la kumi na nne! La kumi na sita nililiona."

"Kaka Ok angesema ni upepo."

"Kwa Kaka Ok hata ugomvi wa mke na mume ni upepo."

Waligombana hivyo hadi muda wa wageni ulipokwisha. Hatujui kama alisikia. Bi Pyo aliketi upande wa kushoto, upande wa lile sikio bovu, na alipoambiwa alihama haraka, akarudia yote tangu shimo la kwanza.

Marehemu aliaga dunia Alhamisi tarehe 18 Mei 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha dada yake, Ok Sun-rye, mpwa mmoja, Nam Gi-cheol, na mjukuu mmoja, anayewasomea wasifu huu. Ameacha marafiki wawili, ambao wako nasi. Ameacha pia mchezaji mmoja ambaye leo yuko uwanjani mbali na hapa, na ambaye hatukujua tumpelekee habari kwa njia gani.

Anazikwa kando ya mkewe. Mungu ampe amani, na asimwache apumzike peke yake.