Mistari Miwili Ukutani: Kumuaga Mzee Subiri

Uongozi wa karakana unawatangazia wafanyakazi wote, wa kudumu na wa mkataba, kwamba kigoda cha buluu kilichokatwa kutoka kwenye pipa la oili, kinachokaa kushoto kwa mashine ya kuchomelea, kitakuwa wazi kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao. Maombi yasitumwe. Wawili wameshatupiana maneno juu yake, na mwenyewe hajainuka bado.

Mwenyewe ni fundi mkuu wa injini, Mzee Subiri, anayestaafu tarehe thelathini ya mwezi huu baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja na miezi minne. Jina la kwenye faili analo, ila barua yake ya kustaafu ilipokuja na jina hilo, tarishi aliizungusha siku mbili akimtafuta mhusika. La Subiri alipewa na madereva. Kila aliyechungulia kuuliza gari lake limefikia wapi alijibiwa neno hilo moja, kutoka chini ya gari, na miguu ndiyo iliyokuwa ikionekana.

Alianza kazi kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, hana cheti, ana jozi moja ya viatu. Baada ya miaka mitano mafundi wenye vyeti walikuwa wakimwita pembeni wamuulize mambo kwa sauti ya chini. Taarifa zake za kazi zilikuwa fupi. Mkurugenzi mmoja aliwahi kuleta gari akilalamika kwamba kuna kitu kinagonga chini kila akipiga kona, na mafundi wawili walikuwa wamekwishafungua magurudumu yote. Mzee Subiri aliandika: "Kelele imepatikana chini ya kiti cha nyuma. Ni chupa ya mtoto. Imeoshwa."

Enzi hizo tulikuwa mafundi kumi na wanne. Leo tuko watano, na wa tano ni mtunza stoo, aliyeongezwa ili hesabu isitie aibu. Bati la juu ya shimo la kukagulia magari linavuja. Magari mapya yanatengenezwa kwa wakala, na sisi tunaachiwa yale ambayo wakala hakumbuki kuyauza.

Kazi yake inayojulikana zaidi iko ukutani, juu ya meza ya vifaa. Katika mwaka wake wa pili, mafundi watatu kwa zamu walifunga vibaya waya za plagi za lori moja, naye akachukua brashi na rangi nyeupe, akaandika namba kubwa: 1-5-4-2-6-3-7-8. Kwa wasomaji wetu wa ofisini: injini ya silinda nane haiwashi silinda zote kwa mpigo. Kila moja ina zamu yake, na waya za plagi, zinazopeleka cheche ya moto, hufungwa kwa kufuata zamu hizo. Ukizichanganya, moto unafika mahali ambapo zamu haijafika, petroli inawakia njiani, na lori linatoa mlipuko kwenye ekzosi hadi watu wa barabarani wanalala chini. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza mpangilio. Tulikuwa tukiinua macho tu.

Mwezi uliopita boza la maji lilipasuka injini. Ilipatikana nyingine ya aina ileile, iliyoundwa miaka michache mbele, imetumika. Mzee Subiri aliifumua yote, akaweka ringi mpya, akasaga valvu, akaifunga kwa wiki tatu kana kwamba anaivalisha kwenda harusini. Alisema hiyo ndiyo ya mwisho, na ndiyo atakayokumbukwa nayo. Ilipowashwa, ilitetemeka, ikakohoa moto kupitia kabureta, kisha ikapiga bomu moja kwenye ekzosi lililomwangusha mpishi wa kantini na sinia lake.

Siku tisa zilizofuata hazikuwa nzuri kwa mtu yeyote. Alirekebisha taimingi ya cheche. Akabadilisha koili, akabadilisha kifuniko cha distributa, akatafuta hewa inayoingia kwa siri kwenye gasketi. Alichomoa waya za plagi moja baada ya nyingine injini ikiwa inawaka: akichomoa ya kwanza, ya pili, ya sita au ya nane, injini inazidi kulegea, akichomoa ya tatu, ya nne, ya tano au ya saba, haijali. Kwa hiyo silinda nne zilikuwa zinafanya kazi na nne zinalipua tu. Alizipima hizo nne, zikawa nzima kabisa. Alikaa kwenye kigoda chake akizitazama.

Meneja naye alishuka na fomu ya kulihukumu gari, ile ya rangi ya waridi, akaiweka juu ya betri. Akasema Mzee afanye mpaka Ijumaa. Likishindikana, aandike kwamba injini haitengenezeki, aweke saini, lipelekwe kwenye chuma chakavu. Mzee Subiri aliitazama fomu ile zaidi ya alivyomtazama meneja. Aliwahi kuitia saini mara moja tu, miaka minane nyuma, kwa lori la mchanga. Nalo lilikuwa limewekewa injini ya miaka ya mbele, nalo lilikuwa likilipuka, na aliandika: "Mbovu tangu kuzaliwa." Dereva wa lori hilo, ambaye ni shemeji yake, alikosa gari akapelekwa getini. Yuko hapo hadi leo, anafungua na kufunga.

Alhamisi asubuhi dereva wa boza, mama wa makamo tunayemwita Dada Boza, alikuja na kikombe chake cha chai akaegemea mlango.

"Mzee, kila kitu umeshakifanyia sevisi?"

"Kila kitu."

"Na huo ukuta?"

"Ukuta una nini?"

"Sijui. Nauliza tu. Una miaka ishirini na tisa na sijaona mtu akiufungua."

Mzee alimwambia, kwa heshima zote, aende akaendeshe kitanda chake. Halafu, ili amnyamazishe kabisa, akatoa plagi zote nane, akaziba matundu yake kwa vipande vya karatasi. Tunasikitika kueleza kwamba karatasi hizo zilikuwa za jarida hili, toleo lenye hotuba ya mkurugenzi. Silinda inapobana hewa, hurusha karatasi yake nje. Kwa hiyo ukihesabu karatasi zinavyoruka, unapata zamu halisi za injini. Dada Boza alipanda akawa anagusa starta kidogo kidogo. Mzee alisimama mbele na chaki, akiandika kwenye bodi ya boza.

Ya kwanza iliruka namba moja, kama ilivyotakiwa. Ya pili alishaanza kuandika tano. Iliruka tatu.

"Rudia," akasema.

Walirudia mara nne. Mara ya nne ilikuwa ileile: 1-3-7-2-6-5-4-8. Kumbe zile injini za miaka ya mbele kwa nje ni pacha wa za zamani, ila shafti inayosukuma valvu ilibadilishwa, na zamu zikabadilika pamoja nayo. Nne zimebaki pale pale, nne zimehama. Ukutani palikuwa sahihi kwa kila injini isipokuwa hiyo, na isipokuwa moja nyingine.

Alihamisha waya nne. Kazi ya dakika sita. Boza likawaka na kutulia, likanguruma chini chini kama mtu aliyeshiba, na Dada Boza akalia kidogo akasingizia moshi. Tulimpigia makofi. Hakutazama tuliko.

Angeweza kuishia hapo. Lori la mchanga lilikwishayeyushwa zamani, na hakuna mwingine katika karakana aliyekuwa ameunganisha mambo hayo mawili. Aliosha mikono kwa muda mrefu, kisha akatembea hadi getini, nasi tukamfuata kwa mbali tukijifanya tunafagia.

"Shemeji," akasema, "lile lori lako."

"Lori lipi? Mimi nina geti."

"Halikuwa bovu. Nilifunga waya nne vibaya. Nimejua leo."

Shemeji alifungua geti pikipiki moja ikaingia, akalifungua tena nyingine ikatoka.

"Miaka minane nafungua hili geti, shemeji," akasema. "Sasa umekuja nifanye nini? Nilifungue zaidi?"

"Nimekuja nikwambie."

"Haya. Umeniambia."

"Nimekukosea."

"Nimesikia. Sogea basi, kuna gari linataka kupita."

Hawajazungumza tena tangu siku hiyo, ingawa dada yake Mzee, mke wa huyo shemeji, anasema nyumbani kwake sasa kuna mtu anayekula chakula chake chote, jambo ambalo halikuwapo kwa muda. Hatujui tulichukulieje. Tunaliandika kama lilivyotufikia.

Mchana huohuo Mzee Subiri alipanda meza ya vifaa kwa shida, magoti yakilia, akaandika mstari wa pili chini ya ule wa zamani kwa rangi ileile. Mbele yake aliweka maneno machache: "Uliza injini kwanza." Fomu ya waridi aliirudisha kwa meneja Ijumaa saa mbili asubuhi, haina hata nukta. Alisema saini yake haiendi tena kwenye karatasi ya namna hiyo, na kwamba moja inamtosha kuondoka nayo.

Mzee wetu, asante kwa magari uliyoyanyamazisha na kwa watu uliowanyamazisha walipokuwa wakikusumbua kazini. Asante kwa ule ukuta, na zaidi kwa mstari wa chini. Mama watoto anasema utashinda nyumbani sasa. Tunampa pole na kumwomba akufichie redio, maana utaifungua. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua likuchoke, afya ikushike mkono, na wajukuu wakikuita, usiwaambie wasubiri.

Boza liliuzwa kama chuma chakavu Jumanne iliyofuata, kwa saini ya meneja peke yake kwenye ile fomu ya waridi. Tumeambiwa saini ya fundi haijawahi kuwa ya lazima.