Waksi ya Pikapu ya Kipkosgei

Katika Probox ya abiria ya kutoka Bungoma, jirani yangu alikuwa mama mmoja, Everlyne, aliyepakata mtoto mchanga na kopo la waksi ya gari. Pale Misikhu akaingia Wakhungu, fundi wa rangi za magari, akalisoma kopo kabla hajatusalimia.

"Mama, na hii mvua na baridi ya Julai, hiyo itakaa wiki tatu tu. Si ungenunua ile dawa ya kukinga rangi? Inamaliza miezi sita."

"Lakini haing'ai kama waksi. Ni zawadi ya jirani yangu, Kipkosgei. Siku nilishikwa na uchungu, alinikimbiza hospitali na pikapu yake mpya, akapita kwa matope na miiba. Rangi ikakwaruzika yote, na hajawahi kulalamika."

"Basi mpe kitu ya kudumu, bana!"

"Nataka aione iking'aa."

Tulipofika Kiminini, Wakhungu akamtazama mtoto. "Mwambie aniletee hiyo pikapu. Nitaondoa hiyo mikwaruzo bure, halafu mpake mnachotaka."

"Mungu akubariki, fundi. Lakini acha mkwaruzo mmoja, pale mlangoni."

"Wa nini?"

Gari likasimama Kitale. "Huyu akikua," Everlyne alisema akimfunika mtoto, "nataka nimwonyeshe."