Kombe Alilolirudisha Malimi Nkwabi

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Malimi Nkwabi anaweka spana chini, baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu ya Mirongo. Aliingia kama fundi msaidizi, anatoka akiwa fundi mkuu na dereva wetu wa mbio za magari, mwenye vikombe tisa. Kombe la kumi alilirudisha mwenyewe, na karibu wote mnadhani mnajua kwa nini.

Waliosimama naye pale pa kuanzia mbio wanajua utaratibu wake. Alizima injini, akavua helmeti, akaomba kwa sauti. Hakuomba ushindi hata siku moja. Aliwataja wapinzani wake kwa majina, mmoja mmoja, wafike salama kwa watoto wao. Mwaka mmoja bendera ilishushwa akiwa bado kwa mshindani wa kumi na nne. Bwana Liaqat, mwajiri wetu, Mwislamu wa swala tano, alikuwa akiitikia amina huku jicho liko kwenye saa.

Karakanani hakuhubiri. Mteja akija amekata tamaa kuwa injini imekufa, kumbe ni waya umelegea, Malimi aliubana, akamwambia nenda salama. Mafundi wengi hapa wamejifunza uaminifu kwa kumtazama tu.

Sasa nije kwenye mbio za mwaka 2014. Mimi Paskazia, mtunza stoo ya vipuri, ndiye niliyekuwa msoma ramani wake, wa kumtajia kona kabla hajazifikia. Karibu na Bujora nilifunua kurasa mbili za kitabu cha ramani kwa mpigo. Tukaruka mzunguko mzima wa nyuma ya kilima, tukafika Kisesa, mwisho wa mbio, tukiwa wa kwanza. Hakuna msimamizi aliyeona. Tulivishwa mashada, tukapewa kombe, na kombe lile lilimpa Malimi nafasi ya kwenda kushindana Kampala, safari aliyoiota tangu ujana. Nilikuja kuligundua kosa nikipanga kurasa za kitabu. Nikanyamaza.

Siku tatu chakula hakikupita kooni. Ya nne nilimweleza nikilia nyuma ya rafu, nikamsihi naye anyamaze, maana nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio ya kazi. Alifuta mikono kwa tambara, akaniuliza kama nimekula. Mchana huo alilipeleka kombe kwa waandaaji. Walipotaka kujua kosa la nani, alijibu kuwa usukani ulikuwa mikononi mwake.

Kampala hakwenda. Sisi tukampachika jina la Mzee wa Njia ya Mkato, na kila alipopita tulicheka. Yeye alicheka pamoja nasi. Mimi pia nilicheka, miaka kumi na moja, na hakuna aibu niliyonayo kubwa kuliko hiyo.

Mzee Malimi, mhariri wa jarida letu la kazini aliniomba niandike sifa zako. Siwezi kuziandika huku nimeificha hii. Mkosaji nilikuwa mimi. Asante kwa kunifundisha kazi, asante kwa kunibebea mzigo usio wako, nisamehe kwa kuchelewa. Wenzako wote tunakuombea mapumziko yenye afya na amani huko Pasiansi, wewe na Mama Rose. Nenda kifua mbele, baba. Jina lako ni safi, na lilikuwa safi siku zote.