Mzee Orevwa na Kwaheri Iliyobaki

Eh, nilikuwa nimefikia wapi kabla kile kikapu cha mashuka hakijaniita? Ndiyo, mlangoni. Miaka thelathini na mmoja bawabu wetu amesimama kwenye mlango wa hoteli hii, na leo Ijumaa, tarehe thelathini, anastaafu. Sote tunamwita Mzee Orevwa, maana hiyo ndiyo kwaheri yake ya Kifaransa kwa kila mgeni anayetoka. Naandika kama sikio langu linavyosikia, msinicheke.

Alianza kwa kubeba masanduku. Kifaransa kakiokota kwa wageni, neno mojamoja, kama kuku anavyodonoa. Mgeni akitoka asubuhi, bon zhurne. Jioni, bon sware. Aliyemzoea, saluu tu, yamekwisha. Kuna wageni wanarudi kila mwaka, wakifika wanamuulizia yeye kabla hawajaulizia chumba.

Nami dobi nikaona hakinishindi. Siku hiyo bibi mmoja Mfaransa anakwenda kupanda ndege, nikampungia na kitambaa changu cha pasi: adyee! Nililisikia mahali, nikalipenda lilivyo tamu. Bibi wa watu akaganda. Akashusha mkoba, akasema ndege hapandi. Mzee Orevwa alimbembeleza nusu saa nzima, kisha akanigeukia: "Dada yangu, hiyo ni kwaheri ya kutoonana tena! Umemzika mgeni na masanduku yake!" Jikoni walinicheka wiki mbili.

Tangu hapo, kila akitoka zamu, anachungulia dirisha la chumba cha kufulia: "Adema!" Yaani, tuonane kesho. Nilipofiwa na mume wangu nilimwambia kazi basi, sirudi. Akasema adema yake vilevile, kama hajanisikia. Sasa mtu kashakuambia kesho, utamfanyaje? Nikaja.

Ndiyo maana tangu asubuhi naunguza kola za watu. Leo atasema nini, na kesho hana zamu? Akinitolea ile adyee, mtaniokota sakafuni.

Mzee wetu, asante kwa kila mlango uliotufungulia. Sasa kaa, miguu juu, ufunguliwe wewe. Afya isikupungukie, na wifi yangu asikuchoke mapema kwa kukuona nyumbani mchana kutwa, maana...

"Mama Pasi! Njoo mlangoni, mzee anaaga, anakuulizia!"

Haya, msimamizi huyo ananiita. Mwambieni mzee asifungue mdomo, leo naanza mimi. Kwake si mtaa wa pili tu hapo nyuma? Adema, kaka. Chai ya saa nne naileta mwenyewe.