Mama Uzi, Aliyewapa Wageni Sindano

Mama yetu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa fundi viatu na mkewe. Bibi alikuwa akisema kwamba binti huyu alilia kabla hata hajatoka vizuri, na kwamba mkunga alicheka akasema, "Huyu ana neno." Wanaomjua wanajua kwamba mkunga hakukosea.

Alianza shule mwaka 1966 na kumaliza darasa la saba mwaka 1972, akiwa wa pili katika darasa la watoto arobaini na moja. Jina la Uzi alilipata huko. Siku moja mwalimu wa hesabu aliinama kuokota chaki, suruali ikapasuka nyuma, darasa zima likaangua kicheko. Mama hakucheka. Alitoa sindano na uzi kwenye mkoba wake, akaenda mbele, akampa mwalimu kwa mikono miwili, kisha akawageukia wenzake na kuwaambia, "Tazameni dirishani mpaka amalize." Wakatazama dirishani. Mwalimu akashona suruali yake nyuma ya ubao, na tangu siku hiyo akamwita Uzi. Alifaulu kwenda sekondari, lakini ada iliyokuwapo ilitosha mtoto mmoja, na aliyepelekwa ni kaka yake. Kaka aliacha shule mwaka wa pili. Mama hakuwahi kulisema jambo hilo kwa hasira, ila hakuwahi kulisahau.

Alijifunza ushonaji kwa shangazi yake, na kufikia mwaka 1977 alikuwa na cherehani yake mwenyewe, chumba chake cha kazi, na wateja wanaosubiri. Sare za kwaya ya kanisa hili alizishona yeye kwa miaka kumi na tisa. Wanakwaya wa zamani waliopo hapa wanakumbuka jinsi alivyokuwa akiwapima huku amebana pini mdomoni na bado akawagombeza.

Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1981, alifunga ndoa na baba yetu, ambaye wengi walimwita Nyundo, mfanyakazi wa kiwanda cha kusaga mawe. Walijaliwa watoto wanne. Baba alikuwa mpole, mwenye mikono mikubwa, mtu wa kubeba watoto wawili kwa mara moja. Alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga kwa miaka kumi na sita. Aliomba barakoa mara tatu, akajibiwa mara tatu kwamba zimeagizwa. Alianza kukohoa mwaka 1996. Tarehe 9 Juni 1999 alifariki akiwa na umri wa miaka arobaini na minne, amekonda kiasi kwamba Mama alimbeba peke yake kutoka kitandani hadi kitini. Cheti kiliandikwa nimonia.

Baada ya mazishi, mwenye kiwanda alimfanyia Mama hisani. Nalitumia neno lake mwenyewe, kwa maana alilitamka hapa kanisani, kwenye kipaza sauti hiki. Alimpa kazi ya kushona magunia yaliyopasuka. Magunia yalikuja nyumbani na unga wa mawe ndani yake, Mama akayakung'uta uani, akayashona chumbani. Wajane wengine kumi na mmoja walipewa hisani hiyo hiyo. Sisi watoto tulikuwa tukiandika majina yetu kwa kidole kwenye vumbi la meza.

Julai 2004 ndipo zilipoanza Safari za Huduma na Mafunzo ya Haki. Kila mwaka kikundi cha vijana kutoka makanisa rafiki ya mbali kilikuja kukaa nasi wiki mbili. Asubuhi walifanya huduma, yaani walipaka rangi darasa la watoto wadogo. Walilipaka miaka kumi na moja mfululizo, mpaka mwalimu wa darasa hilo akasema ukuta unanenepa kuliko watoto. Fundi rangi wa mtaa wetu, mtu mzima mwenye familia na asiye na kazi, alikaa kivulini akiwatazama wanafunzi wa chuo wakipaka hadi vioo vya madirisha. Alasiri wageni walikuwa na mafunzo. Kwenye ratiba yao Mama alikuwa na mstari wake: "Alhamisi, saa tisa: Kumsikiliza mjane."

Mratibu wa safari hizo alifika nyumbani siku moja kabla. Alitazama kabati la vyombo, akatazama cherehani iliyong'aa kwa mafuta, akasema kwa upole, "Mama, hivi vitu tungevisogeza chumba cha ndani kwa kesho tu. Wageni wasije wakachanganyikiwa."

Mama akasogeza. Alituambia baadaye kwamba katika maisha yake alitukanwa mara nyingi, lakini hiyo ndiyo mara pekee alipomsaidia mtukanaji kubeba.

Basi kila Julai alikaa kwenye kiti, akaeleza jinsi mumewe alivyokufa, na wageni wakalia. Hakuwadharau kwa hilo. "Machozi yao si ya uongo," alisema. "Ila hayana pa kwenda."

Mkalimani wao nilikuwa mimi, mwanawe wa pili, ninayewasomea maneno haya. Ndugu zangu waliniambia sehemu hii ningeweza kuiruka. Sitairuka.

Alhamisi, tarehe 18 Julai 2013, Mama alipomaliza kueleza, binti mmoja mwenye miwani aliinua mkono. Hakuwa analia. Aliuliza, "Kiwanda hicho ni cha nani?" Katika miaka tisa hakuna aliyewahi kuuliza.

Mama alinyooka kitini. "Mwambie ni cha yule mzee wa kanisa aliyewakaribisha Jumapili, mfadhili wao. Mwambie basi walilokuja nalo ni la kwake. Mwambie mume wangu alimwomba barakoa mara tatu."

Mratibu alikuwa amesimama mlangoni. Alizielewa lugha zote mbili, na alikuwa akinitazama. Kazi ya ukalimani ndiyo niliyokuwa nayo, nami nilikuwa na mke mjamzito. Nikamgeukia yule binti nikamwambia kwa lugha yake, "Mama anasema anamshukuru Mungu, na anawashukuru ninyi kwa kutoka mbali kuja kumsikiliza."

Wakapiga makofi.

Mama hakujua lugha ya wageni, lakini makofi aliyajua. Wageni wakaondoka. Tulikuwa tunakusanya vikombe aliponiuliza, "Nilichosema mimi si cha kupigiwa makofi. Umewaambia nini?"

"Nilifupisha, Mama."

"Ulifupisha."

"Mratibu alikuwa pale, Mama. Ungetaka nifanyeje?"

Aliweka vikombe mezani kimoja kimoja. "Na baba yako walimfupisha," akasema, akaingia ndani.

Hakunifukuza, wala hakunisema kwa ndugu zangu. Aliendelea kunipakulia chakula na kuniuliza hali ya mke wangu. Ila mwaka mzima hakunitazama usoni, na nyie mnaojua alivyokuwa anatazama watu mnajua hiyo ni adhabu gani.

Alhamisi, tarehe 17 Julai 2014, wageni ishirini na wawili waliingia sebuleni wakalikuta kabati mahali pake, cherehani mahali pake, na katikati ya chumba rundo la magunia yaliyofika asubuhi ile. Mama hakuwa ameyakung'uta. Mimi nilikaa karibu yake kama kawaida, daftari mkononi.

"Wewe pumzika," aliniambia. "Leo sina hadithi."

Akagawa sindano. Kila mgeni alipewa sindano moja na gunia moja. Aliketi sakafuni, akawaonyesha jinsi ya kukunja pindo na kupitisha uzi, nao wakacheka kidogo, wakaanza kushona. Wengine walijichoma. Baada ya robo saa vumbi lilikuwa limejaa chumbani, na mwanga wa dirishani ulionekana kama maziwa. Mmoja akakohoa, kisha watatu, kisha chumba kizima. Kiongozi wao akaomba dirisha lifunguliwe. Lilikuwa wazi. Mama alishona tu. Alipoona mikono yote imesimama, aliwaonyesha kwa kidole picha ya baba ukutani, akajigusa kifua, kisha akanyoosha mkono kupitia mlango, mpaka kwenye basi lililoegeshwa nje na jina la kiwanda lililoandikwa ubavuni mwake.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mratibu alisema muda umekwisha, ingawa ilikuwa bado saa tisa na nusu.

Tungependa kuwaambia kwamba kuanzia hapo mambo yalibadilika. Kilichobadilika kwanza ni ratiba. Mwaka uliofuata wageni walipelekwa kwa mjane mwingine, wa ajali ya barabarani. Kisha likaja jarida la kanisa rafiki, na kwenye ukurasa wa mbele palikuwa na picha ya Mama akishona, chini yake maneno "Uso wa Matumaini." Aliishika mbali na macho, akaichunguza. "Picha nzuri," akasema. "Kiwanda wamekikata." Yule binti mwenye miwani hatujui aliishia wapi.

Mama hakuwangoja. Alirudisha magunia kiwandani, akawakusanya wale wajane kumi na mmoja, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi wakaenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya kazi, mara thelathini na nane kwa hesabu yake. Mimi niliacha ukalimani, nikaenda nao kuandika barua. Niliandika kila neno alilosema. Machi 2019 kiwanda kiliamriwa kumwagia mawe maji kabla ya kusaga na kutoa barakoa kwa wafanyakazi wenye mikataba. Wa kutwa hawakutajwa. Mama alisoma amri ile mara mbili akasema, "Wametupa nusu ya mlango."

Wakati huo alikuwa tayari anakohoa. Novemba 2020, kwenye hospitali ya rufaa, daktari bingwa mgeni alitazama picha ya kifua akauliza ni miaka mingapi alifanya kazi machimboni. Mama akajibu, "Sijawahi. Nilishona magunia." Daktari aliweka picha chini, akazungumza kwa muda mrefu. Nikamfasiria Mama yote: kwamba mapafu yamekuwa magumu kama ya baba, kwamba hakuna dawa, kwamba ni miaka miwili, pengine mitatu.

"Hujafupisha?" aliniuliza.

"Sijafupisha, Mama."

Akanitazama usoni. "Haya. Twende nyumbani."

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Oktoba 2023, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, ameketi kwa kuwa kulala kulimkaba. Alikuwa na miaka sitini na mitano. Wiki za mwisho hakuweza kusema zaidi ya maneno matatu kwa pumzi moja, naye aliyachagua. Cheti chake tulikataa kukichukua mpaka kilipoandikwa ugonjwa wenyewe. Shada kubwa mnaloliona kushoto kwa jeneza limetoka kwa mwenye kiwanda. Mama hakutuachia maagizo kuhusu shada, na sisi hatukutaka ugomvi mbele yake, kwa hiyo tumeliacha.

Marehemu ameacha watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na wajane wenzake tisa, maana wawili wametangulia. Ameacha pia wanaume arobaini na sita, vibarua wa kutwa, ambao baadhi yao ndio waliochimba kaburi lake leo asubuhi, na ambao kesho wataingia kiwandani bila barakoa.

Apumzike kwa amani, na huko aliko apumue.